Sahihi Nne kwenye Nakala Moja

Tarehe 12 Januari

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi sana. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na Baba naye hajambo kwa kadiri ya hali yake. Mimi huku mzima, ila mgongo tu unanisumbua, na huo ni ugonjwa wa kukaa.

Sasa kaa kitako kwanza. Nimemaliza kuandika! Tasnifu yote, kuanzia jalada mpaka marejeo, ipo hapa mezani, nene kama godoro la mtoto mchanga. Kilichobaki ni sahihi tu.

Najua utauliza sahihi za nani, kwa hiyo nakueleza. Si unajua kazi yangu ni juu ya mizani za sokoni, kwa nini wauzaji waliacha kupima kwa kopo wakaanza kupima kwa mizani? Basi, hakuna idara iliyotaka kunibeba peke yake. Watu wa historia walisema hii ni biashara. Wa biashara wakasema mizani ni fizikia. Wa fizikia wakasema springi na vyuma ni vya wahandisi, na wahandisi wakasema vyuma vya zamani hivyo ni historia. Mwishowe nikapewa wasimamizi wanne, kila mmoja na ghorofa yake. Tumewapachika majina: wa historia ni Profesa Vumbi, wa uhandisi Mzee Nati, wa biashara Bwana Soko, na wa fizikia, mama mmoja mkali asiyepitisha hata desimali, ni Bibi Nukta. Hawajaketi chumba kimoja tangu walipogombania chumba cha kona pale chini. Mpaka leo kimefungwa, kwa sababu kila mmoja aliapa mwenzake hatakipata.

Sheria ya kitivo ni sahihi nne kwenye nakala moja. Nikibadilisha hata sentensi, sahihi zilizotangulia zinakufa na naanza upya.

Usiogope lakini, ni mambo madogo. Jengo hili limejaa watu wa mambo madogo. Jirani yangu wa kulia anachunguza majina ya mitaa yaliyofutwa. Wa kushoto anapima jinsi mabomba yanavyotetemeka maji yakikatika, kutwa ameegemeza sikio kwenye bomba la choo chetu. Ng'ambo ya korido kuna dada anayeuliza kwa nini wauza viatu hukaa mstari mmoja badala ya kukimbiana. Wote tuko sawa kichwani, usicheke.

Mwisho wa Machi niko nyumbani. Mimi nakaa na Baba, wewe unakwenda zako kwa mchumba wako, Seremala. Tuliahidiana, na ahadi ni deni. Mwambie aanze kukata mbao za kitanda.

Mdogo wako akupendaye,
Kitinda


Tarehe 26 Januari

Kitinda wetu,

Salamu. Sisi hatujambo, yaani tunapumua na tunakula. Nimefurahi mpaka nimejidunga sindano.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu Baba anasikia kila kitu, nyumba yenyewe unaijua, ukikohoa jikoni unaitikiwa chumbani. Sitaki asikie tunavyopangiana zamu juu yake kama watu wa lindo.

Neno lake ni lile lile. Tangu apigwe na kiharusi, maneno yote yamekwenda na likabaki moja: "Bado." Baba, umeshiba? Bado. Nizime taa? Bado. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Mimi wangu namwuliza, ananijibu bado, na bakuli ameshalikomba. Juzi jirani alikuja kumwona, akamwuliza, "Mzee, umepona?" Bado! Nikasema leo amepatia.

Haya, kuhusu mizani yako. Miaka hii yote mwanangu? Si mtu anaweka nyanya, anatazama mshale, analipa, anakwenda? Lakini sawa, mimi nashona mikono ya magauni na sijawahi kueleza mtu kwa nini mkono unakaa pale.

Seremala amepata karakana mji mwingine, kubwa, yenye umeme wake. Anahama Juni ikiisha. Ameniambia kwa upole, unamjua, hata msumari anaupiga kama anaomba radhi. Akasema, "Nimengoja, na nitangoja mpaka siku ile ya kuhama. Baada ya hapo sina pa kungojea." Sikumlaumu. Nywele zake zimeanza mvi akiwa anakuja kunisalimia mlangoni, maana ndani hatuna pa kukaa.

Kitinda, naomba nikwambie kitu halafu tusikirudie. Cherehani yangu ipo dirishani na dirisha linatazama ukuta wa jirani. Ule ukuta naujua kuliko uso wangu. Mwaka wa kwanza nilisema ni wa muda tu. Sasa ni wa tano. Machi isipite.

Dada yako


Tarehe 20 Machi

Dada mpenzi,

Salamu kwako na kwa Baba. Natumaini kifua chake kimetulia na wewe unapata usingizi.

Sijui nianzie wapi. Ni sentensi moja. Iko ukurasa wa kwanza kabisa, ile inayojibu kwa nini mizani iliingia sokoni. Mimi niliandika: "Mizani iliingia ili watu wasioaminiana waweze kuendelea kuuziana." Niliipenda, Dada. Ndiyo sentensi pekee kwenye kitabu kizima ambayo hakuna aliyenifundisha.

Profesa Vumbi akaisoma, akasema watu walikuwa wanaaminiana vizuri tu zamani, andika kwamba imani ilivunjika. Nikaandika, akatia sahihi. Nikapanda kwa Bwana Soko. Akasema hapana, mizani ndiyo iliyoleta imani, andika hivyo. Nikaandika, sahihi ya Vumbi ikafa. Mzee Nati yeye anasema imani inahusu nini, springi zilishuka bei na ndiyo habari yote. Na Bibi Nukta akaikata sentensi nzima kwa mstari mwekundu. "Kuaminiana hakupimiki," akasema. "Kisichopimika hakikai kwangu."

Nahodha wengi chombo huenda mrama. Nimepanda na kushuka zile ngazi mpaka mlinzi ananiita fundi wa umeme. Nimewaomba wakae pamoja saa moja tu, kila mmoja akasema yuko tayari kabisa, ila wenzake ndio wagumu.

Machi itapita hivi hivi, najua. Nisamehe.

Mdogo wako,
Kitinda


Tarehe 2 Aprili

Kitinda,

Salamu. Baba hajambo. Mimi nina hasira lakini si kwako, au ni kwako kidogo.

Watu wazima wanne, wamesoma mpaka wamepata upara, wameshindwa sentensi moja? Wewe waandikie kila mtu anachotaka kusikia! Kwenye harusi mashangazi wakigombania rangi ya gauni, mimi naitikia wote, halafu nashona. Siku yenyewe hakuna anayekumbuka.

Subira yavuta heri, husema. Yangu naona inavuta kamba tu, na kamba yenyewe imefungwa shingoni kwangu. Seremala amefunga zana zake kwenye masanduku. Randa tu ndiyo ameiacha nje.

Harakisha.

Dada yako


Tarehe 9 Mei

Dada yangu,

Nakusalimu kwa unyonge. Baba anaendeleaje? Mkono wake wa kulia bado unashika?

Nilifanya ulivyosema. Niliwapa kila mmoja sentensi yake, nne kwa mfululizo, nikidhani kila mtu atasoma yake na kuruka za wenzake. Ndivyo wanavyosoma siku zote, ndugu yangu, mtu wa fizikia hawezi kufungua ukurasa wa historia hata kwa bahati mbaya. Kumbe nimesahau kwamba zote nne ziko ukurasa mmoja! Wakasoma zote. Kila mmoja akaona za wenzake, na kila mmoja akanirudishia. Bibi Nukta ameongeza kwamba nizipime upya mizani zote za soko, kwa sababu hali ya hewa ya msimu huu si ile niliyopimia. Nilipouliza lini itatosha, akasema, "Bado." Nikataka kucheka, nikakumbuka kwamba nyumbani kuna Baba na neno lake, machozi yakanitoka mbele yake.

Nimewaza sana. Niache. Nifunge mizigo, nirudi, wewe uondoke na Seremala wako. Tasnifu nitaitumia kuzuia mlango upepo ukivuma. Niambie neno moja, nami nitakuwa kwenye basi.

Mdogo wako,
Kitinda


Tarehe 11 Juni

Kitinda,

Salamu. Umengoja jibu, najua. Barua yako niliisoma, nikaiweka chini ya cherehani, nikaisoma tena, nikaiweka tena. Nilikuwa nagombana nayo.

Kuacha, nakukataza. Ukiacha sasa, miaka yangu yote hii nitakuwa nimeifulia kwenye maji machafu. Nilikaa ili umalize. Sikukaa ili urudi na kizuizi cha mlango.

Kwa hiyo nimekata shauri. Jumamosi ijayo tunakuja. Mimi, Baba, kiti chake cha magurudumu, na Seremala wa kubeba. Tutamwacha Baba kwako. Nimezungumza naye, nikamwuliza kama anakubali, unajua alivyojibu, lakini siku ya pili nilimwona anatazama sanduku, na kofia alikuwa ameishika mkononi. Nimelichukua kama jibu.

Usipike, tutakuwa tumekula. Tandika kitanda karibu na ukuta, maana anapenda kuegemea. Alale ubavu wa kulia kwanza. Miguu usimfunike, anachukia, hata kukiwa na baridi. Chai umpe kwenye kisosi. Akikasirika atashika blanketi na kulivuta, hapo nyamaza tu, uimbe kidogo kama unaweza, sauti yako mbaya ataisamehe. Ijumaa umnyoe. Kuna mahali chini ya kidevu nywele zinaota kinyume, nenda polepole.

Usinijibu. Barua haitanikuta.

Dada yako


Tarehe 2 Julai

Dada,

Hujambo huko ugenini? Shemeji hajambo? Sisi tuko hai.

Sikukuaga vizuri. Nilikuwa na hasira, Dada, hasira ya kweli. Nilipokuona unashuka zile ngazi za mlango wa mbele haraka haraka bila kugeuka, nilisema moyoni, amenitupia mzigo. Halafu nikaenda kumgeuza Baba, nikashindwa, nikakaa sakafuni. Nikajiuliza wewe ulimgeuza na nani miaka yote hiyo. Hukuwahi kuandika. Hasira ikaniisha.

Chumba unakijua, hiki cha ghorofa ya chini. Kitanda ni cha Baba, mimi nalala kati ya meza na mlango, kwa hiyo mlango haufunguki wote. Anayetaka kuniona anaingiza kichwa. Soko siendi, maktaba siendi. Jirani wa mabomba hunisaidia kumwinua asubuhi, na Baba amempenda, maana huyu bwana akiambiwa "bado" anangoja kweli, kazi yake ni kungoja maji. Dirisha langu linatazama tangi la maji la jengo. Sasa nalijua na mimi.

Lifti imekufa, kwa hiyo kuwapandia maprofesa ghorofa nne siwezi tena. Siwezi kumwacha Baba peke yake kiasi hicho. Nimemwandikia mkuu wa kitivo nikamweleza hali halisi: nina mgonjwa, ngazi sizimudu, naomba hao wanne washuke chini mara moja tu. Chini hakuna chumba kitupu zaidi ya kile cha kona. Sijajibiwa.

Usijilaumu. Kula vizuri.

Mdogo wako,
Kitinda


Tarehe 20 Julai

Kitinda mpenzi,

Salamu za upendo. Tumefunga ndoa, watu wachache, gauni nilishona mwenyewe na mkono mmoja umekaa vibaya, fundi wa watu hajui kujipima. Nyumba ina vyumba viwili. Viwili, Kitinda! Siku ya kwanza nilizunguka nikifungua na kufunga milango mpaka Seremala akauliza nimepoteza nini.

Na kweli nimepoteza kitu. Saa ile ya kumgeuza Baba naamka. Mikono inapapasa godoro inatafuta mtu. Nikipika uji, nausonga laini, halafu nakumbuka sote tuna meno. Nilitaka kutoka, nikatoka, na sasa nakaa nje kama mtu aliyefungiwa funguo ndani.

Nimemwambia Seremala kwamba ukishindwa nitakwenda kumchukua Baba, nirudi naye kule kwetu, maana hapa ngazi za nje ni za mawe na karakana ina vumbi, kifua chake hakiwezi. Aliendelea kupiga randa ubao ule ule mpaka ukawa mwembamba, haufai tena. Lakini hilo ni langu na yeye.

Sema neno tu, mdogo wangu. Begi langu sijalifungua lote.

Dada yako


Tarehe 18 Agosti

Dada yangu,

Salamu zangu na za Baba. Hatujambo. Amenenepa kidogo, na wa mabomba analalamika anapomwinua.

Walikaa! Mkuu wa kitivo alifungua kile chumba cha kona kwa mkono wake. Vumbi hilo, hata Profesa Vumbi alipiga chafya. Kila mmoja aliingia amebeba kiti chake mwenyewe, wakaketi kila mtu na pembe yake, na Baba katikati kwenye magurudumu, amevaa kofia. Sikuwa na wa kumwachia, ndiyo maana. Sasa mbele ya mgonjwa mtu ataanzaje ugomvi bila salamu? Ikabidi wainuke mmoja mmoja, waje katikati, wampe mkono, na kwa kuwa wote walikuwa pale katikati, wakajikuta wamepeana mikono na wao. Mzee Nati akamwuliza, "Mzee, unaendeleaje?" Baba akamjibu unavyojua.

Nilikuwa nimerudisha sentensi yangu ile ya mwanzo, peke yake. Niliwaambia, "Hii ndiyo yangu. Nimechoka kuandika zenu." Wakaanza kubishana, lakini safari hii wao kwa wao! Vumbi akamwambia Soko, kumbe ndivyo unavyofikiri, mbona hujawahi kusema? Mimi na Baba tukawa tunawatazama. Mwishowe Bwana Soko akasema wasioaminiana kuendelea kuuziana, hapo hapingi, akasaini. Vumbi akasaini. Mzee Nati akagundua springi zake zimetajwa sentensi ya pili, akasaini.

Akabaki Bibi Nukta. Kalamu alikuwa ameishika, imefunguliwa. Akaniuliza, "Hiyo imani unaipimaje?" Nikamjibu sijui. Nikamwambia dada yangu alikaa miaka mitano dirishani kwa neno langu tu, na kama kuna kifaa cha kupimia hilo anionyeshe nipime nacho. Akaishusha kalamu mpaka karibu na karatasi. Nilidhani tayari. Halafu, nadhani alitaka kuwa mwema, akamwinamia Baba, akamwuliza kwa upole, "Mzee, kazi ya binti yako imekamilika?"

"Bado," akasema Baba.

Wote walicheka isipokuwa mimi na yeye. Alifunga kalamu. Akasema nimwone Novemba, sentensi ikiwa imefutwa.

Unaona mtego ulivyo? Nikiifuta, sahihi tatu zinakufa. Nisipoifuta, ya nne haizaliwi. Nimegeuza mambo kila upande na hakuna upande. Nilimsukuma Baba mpaka kwenye korido, nikaegemea ukuta nikalia kama mtoto, kwikwi na kamasi, wanafunzi wanapita. Nilimkasirikia, Dada, baba yangu mgonjwa, nikamwuliza kwa ukali, "Umefurahi?" Akanitazama. Mkono wake wa kulia ukatafuta wangu, ukaupata, na unajua unavyobana. Nikaona haya. Nikapiga magoti nikamwuliza taratibu, "Baba, umenichoka?"

"Bado."

Na wewe usije. Nimelifikiria neno ulilosema nilitamke, na hili ndilo: usije. Sitaifuta ile sentensi, na Baba simtoi. Labda Novemba atasaini, labda hatasaini kamwe. Lakini ukija tutakuwa tumefungwa wote, na hakutakuwa na mtu nje wa kutuandikia. Fungua begi lote. Mwambie shemeji asimalize mbao zake bure.

Nimemwuliza Baba kama niifunge barua, na jibu lake unalijua, kwa hiyo naongeza mistari michache. Hukutuambia dirisha lako jipya linatazama nini. Tuandikie kila kilichopo, hata kama ni kamba ya nguo, hata kama ni kuku. Nitamsomea karibu na ukuta, kwa sauti, nikianza upya kila akitaka.

Mdogo wako,
Kitinda, pamoja na Baba